Dirisha la Akina Kombo

Dirisha la mviringo lililo juu ya mlango wa kanisa la Pradolin lilikuwa limekaa kulia zaidi kwa sentimita arobaini na moja. Si kidogo. Ukisimama uwanjani ukalitazama, shingo yenyewe inaanza kulala upande. Lilijengwa mwaka 1523 na fundi Zuan Madrassi, na watu wa Pradolin walikuwa na maelezo yao: fundi Zuan aliusoma mchoro baada ya chakula cha mchana. Kwa hiyo ukoo wa Madrassi uliitwa Madrassi kwenye barua za serikali tu. Mtaani uliitwa kwa neno fupi la Kifriuli, lugha ya huko, ambalo kwa Kiswahili tungesema Kombo, na jina hilo lilirithiwa pamoja na nyumba, shamba la mahindi na kifua kibovu.

Kombo akitundika picha ukutani, majirani walikuja kuikagua. Kombo akioa, waliuliza kama amelala kwa mke wake au amekosea kwa nyumba moja. Siku alipozikwa babu wa Ermes, Kombo wa habari hii, wabeba jeneza waliliinamisha upande mmoja kwa makusudi, na mjane mwenyewe akacheka.

Huyu Ermes alikuwa na miaka hamsini na tisa, mwashi kama wazee wake, na hakuna aliyebisha kwamba ndiye mwashi bora katika bonde zima. Wale wale waliomwita Kombo ndio waliomwita awajengee. Alikuwa amefanya kazi Uswisi miaka kumi na minane, na kule msimamizi alimwita Madrassi, basi. Alikuwa akiona raha fulani asiyojua inatoka wapi, mpaka aliporudi nyumbani akateremka kwenye treni, na mkuu wa kituo akamuuliza Kombo kama safari ilinyooka.

Kilichomrudisha ni tetemeko. Lile la Mei 1976 liliangusha nusu ya kanisa, la Septemba likamalizia, na likauchukua pia ukumbi wa mji uliokuwa umeliegemea kanisa upande wa kulia. Watu hawakutaka kanisa jipya. Walitoa mawe kwenye kifusi, moja moja, wakayapanga kwenye majani nyuma ya uwanja wa mpira, kila jiwe na namba yake kwa rangi nyeusi, na yakakaa hapo miaka kumi na mbili kama watu waliopanga foleni kwenye ofisi iliyofungwa. Mkutano ulifanyika ndani ya kibanda cha mbao, ukaamua kila kitu kirudi pale pale, vile vile. Msanifu aliyeletwa na idara ya majengo ya kale, Bi Sgubbi kutoka Bologna, aliuliza kwa adabu kama wangependa lile kosa la dirisha lirekebishwe, maadamu nafasi imepatikana. Ikapigwa kura ya siri. Mia mbili na kumi na mbili walikataa, mmoja akakubali. Kesho yake kila aliyekutana na Ermes alimpa pole.

Aliyavumilia hayo yote. Kisha Juni 1988 binti yake Dorina akajifungua mtoto wa kike. Dorina alikuwa ameolewa na mtu wa Trieste, na mtoto angechukua jina la baba yake, kwa hiyo Ermes aliingia baa akiwa na furaha isiyo na wasiwasi, akaagiza glasi ya divai nyeupe.

"Kombo mdogo kafika?" mwenye baa akamuuliza huku anamimina. "Kichwa kimekaa katikati?"

Waliokuwa wanacheza karata wakasema ngoja aanze kutembea ndipo itajulikana. Mtoto alikuwa na siku tatu. Hata maji ya ubatizo yalikuwa hayajamgusa.

Ermes alimaliza glasi yake, akaaga, na njiani kwenda nyumbani akaamua kwamba dirisha litahama. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa waashi. Kuta za pembeni zilikuwa zimesimama tayari, uliobaki ni uso wa kanisa. Kama mjukuu wake angekuta dirisha liko katikati ya ukuta, basi Kombo lingebaki jina lisilo na ushahidi, na jina lisilo na ushahidi linaweza kufa. Kabla mtoto hajajifunza kuitika, alijisemea.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Waashi walipanga kwa kufuata namba. Kwa hiyo ukibadilisha namba, ukuta unabadilika na hakuna aliyekosea. Aliketi na karatasi akapiga hesabu: mawe arobaini na manne yalitosha, yale ya kushoto mwa dirisha yahamie kulia. Na wakati wa kufanya hivyo alikuwa nao. Pradolin inakula saa sita kamili. Kuanzia saa sita mpaka saa saba mwizi angeweza kubeba mnara wa kengele akapita nao barabara kuu na asionwe na mtu, kwa kuwa ugali wa mahindi uko mezani na ukipoa unakuwa tofali. Ermes alimwambia mkewe Nives kwamba kazi imezidi, atakuwa anachelewa kula. Akanunua kopo la rangi nyeusi mji wa jirani. Siku tisa za kazi, saa ya chakula, alipiga magoti kwenye majani akisugua namba moja na kuandika nyingine, akiiga mwandiko wa zamani, hasa ile saba iliyokatwa kiunoni.

Siku ya kumi ilikuwa Jumatatu. Bi Sgubbi alikuwa na mikutano Udine mpaka Alhamisi, naye alikuwa ameacha maagizo: pale kona ya kanisa inapokutana na ukumbi wa mji pachimbwe mita mbili, pamwagwe zege, ili tetemeko lijalo likute kitu cha kubishana nacho. Gari la zege lingefika Jumanne saa nane. Vibarua walichimba asubuhi, wakaenda kula. Ermes akashuka shimoni kuangalia kama chini pamekaa sawa.

Chini ya sakafu ya ukumbi wa mji, ndani kabisa kupita pale kona ya kanisa ilipojulikana kuwa, palikuwa na kona nyingine. Mawe makubwa, yamechongwa pande mbili kwa ncha safi, yamelala juu ya msingi ule ule wa kanisa. Ermes aliyasugua kwa kiganja. Alikuwa ameshika mawe maisha yake yote na hakuhitaji kuambiwa. Hii ndiyo iliyokuwa kona ya kanisa. Ile nyingine, waliyoizoea wote, ilikuwa ni mahali tu ambapo ukumbi wa mji ulianza kulifunika kanisa.

Alitoa tepu akapima kutoka kona moja hadi nyingine. Sentimita themanini na mbili.

Alikaa kwenye ukingo wa shimo. Hesabu yenyewe ilikuwa ya darasa la pili. Ukumbi ulipojengwa, mwaka 1641, ulimeza sentimita themanini na mbili za uso wa kanisa. Uso uliobaki ukapata katikati mpya. Waliojenga ukumbi wakauhamisha mlango uende katikati hiyo, na paa nalo wakalipanga upya lifuate mlango. Dirisha tu ndilo ambalo hawakuligusa. Nusu ya themanini na mbili ni arobaini na moja. Fundi Zuan alikuwa ameliweka dirisha katikati barabara, na katika uso mzima wa kanisa la Pradolin hakuna kingine kilichokuwa mahali pake.

Ermes aliangalia kule kwenye majani, yalikokuwa mawe yake arobaini na manne yenye rangi mpya. Kombo wa kwanza atakayelihamisha dirisha la Pradolin, akaona, alikuwa yeye.

Nyumbani alikuta Nives amemwekea chakula kwenye sahani iliyofunikwa, jibini iliyokaangwa pamoja na viazi, imeshaganda. Akamweleza habari ya kona. Ya rangi hakuisema. Nives alisikiliza bila kumkatiza, na alikuwa na sababu: kabla ya kuolewa alikuwa Forgiarini, na ukumbi wa mji ulijengwa na akina Forgiarini. Jambo hilo halikuwa siri. Lilikuwa limeandikwa kwenye bamba la marumaru, na mama yake Nives, Bi Onorina, alikuwa akilipangusa bamba hilo kila mwaka kwa kitambaa chake mwenyewe tangu ujana wake. Baada ya tetemeko alilichukua akaliweka chini ya kitanda.

"Umemwambia nani?" Nives akauliza.

"Wewe."

"Basi mzee wangu, usije ukamwambia mama."

Kisha akavaa sweta akaenda kumwambia mama.

Bi Onorina alifika kwenye jengo Jumanne saa tano na nusu, miaka themanini na minne, fimbo mkono mmoja na kiti cha kukunja mkono wa pili. Katika Pradolin nzima hakuna aliyekuwa hodari wa utani wa dirisha kama yeye. Siku ya harusi ya Nives aliwaeleza wageni kwamba binti yake anaingia ukoo wenye mtazamo wake mwenyewe. Alifungua kiti, akaketi kwenye ukingo wa shimo, akasubiri vibarua waende kula. Ndipo akasema, "Haya mkwe, nionyeshe."

Ermes alimwonyesha kona. Akapima mbele yake. Themanini na mbili.

"Pima tena."

Akapima tena.

"Umepima vizuri?"

"Mama, nimepima mara tatu na jana."

"Nasikia," Bi Onorina akasema. "Lakini kapima Kombo. Ukienda baa ukawaambia, watakuuliza tepu ulishika upande gani."

Ilikuwa kweli, na Ermes alikuwa ameifikiria usiku kucha. Zege lingefika saa nane. Bi Sgubbi angerudi Alhamisi akute sakafu ngumu kama paji la uso. Na Pradolin isingeamini kipimo cha Kombo hata kama malaika angeshika ncha ya pili.

Bi Onorina hakuwa anaangalia shimo tena. Alikuwa anaangalia mawe nyuma ya uwanja wa mpira. Aliinuka, akatembea taratibu mpaka safu ya tatu, akasimama, akainama kadiri mgongo ulivyoruhusu. Ermes alimfuata. Hapo ndipo alipokumbuka, na ilikuwa kama kukumbuka jiko baada ya kufunga mlango, kwamba mwaka 1977 namba zile ziliandikwa na wanawake wa parokia.

"Hii saba si yangu," Bi Onorina akasema.

Ermes akaliinamia jiwe.

"Saba yangu ina kofia. Hii haina kofia. Jiwe hili lilikuwa mia sita na kumi na mbili, lina mpasuko kama mguu wa kuku, niliandika mimi kuna mvua." Aligusa namba kwa kidole, akakitazama kidole. "Mangapi?"

"Arobaini na manne."

"Saa ya chakula?"

"Saa ya chakula."

"Nives akaniambia una kazi nyingi. Nikasema ana mwanamke." Alifikiri kidogo. "Afadhali ungekuwa naye."

Walirudi kwenye kiti. Bi Onorina aliketi, akaweka fimbo magotini. Vijiko vya Pradolin vilisikika kupitia madirisha. Hatimaye akasema kwamba basi yeye ana siri ya Ermes, na Ermes ana yake. Alisema kama mtu anayetaja mpaka wa shamba.

Ermes alijua kinachotolewa. Zege lishuke, kona ifunikwe, akina Forgiarini wabaki na bamba lao, namba zibaki na rangi yake mpya, na dirisha lipande katikati mbele ya kanisa zima. Ndicho alichokitaka mwezi mzima. Mtoto angekua akilitazama dirisha lililonyooka, na asingejua kamwe kwamba limepindishwa na babu yake.

"Mama, wewe ndiye mkubwa," akasema. "Ukitaka nifukie, nitafukia. Lakini mawe nitayarudisha namba zake. Zuan aliliweka sawa. Mimi siwezi kulitoa."

"Ukifukia na ukarudisha namba, unabaki Kombo."

"Nabaki."

"Na mtoto naye?"

"Naye."

"Na nikisema, akina kombo ni sisi Forgiarini. Mtoto ni kitukuu wangu. Anakuwa kombo kwa upande wangu." Bi Onorina alilitafakari hilo bila huruma kwa mtu yeyote. "Maskini, hana pa kutokea. Kila mlango tumesimama sisi."

Kengele ya muda, iliyotundikwa kwenye nguzo za mbao, ikalia saa saba. Wangeanza kurudi sasa hivi.

"Baba yangu alikuwa mwashi," akasema. "Mimi nimemshikia tepu tangu nina miaka sita. Nimelicheka dirisha lililonyooka kwa miaka themanini na kitu, nikiwa nalitazama kila siku ya Mungu, na bamba naliosha kwa sabuni. Hicho ndicho kinachoniuma. Si ukoo. Ni macho." Akamnyoshea mkono. "Nishushe."

Ermes alimshusha shimoni kwa ngazi, yeye mbele akishuka kinyumenyume ili kikongwe asianguke, na Bi Onorina akamwambia asitazame juu. Alishika ncha ya tepu mwenyewe, akaibana kwenye jiwe kwa kidole gumba, akasoma namba kwa sauti. Vibarua wawili walikuwa wamesharudi, wamesimama ukingoni na vijiti vya meno midomoni. Akawaamuru washuke nao wasome. Wakasoma.

Gari la zege lilipofika saa nane, Bi Onorina alikuwa ameweka kiti chake nyuma ya magurudumu, amekaa. Dereva, mtu wa Udine, alieleza kwamba zege halisubiri. Akajibiwa kwamba hata yeye hasubiri, ana miaka themanini na minne, tuone nani ataganda kwanza. Mwisho padri alisema chumba cha kubadilishia nguo cha uwanja wa mpira hakina sakafu, na jioni ile kilikuwa nayo, nene kuliko ya benki.

Siku iliyofuata Bi Onorina aliingia baa. Hakuwa amewahi kuingia. Wacheza karata walishika karata zao kama watu waliokamatwa. Aliagiza glasi ndogo ya divai nyeupe, hakuinywa, akaeleza habari ya kona tangu mwanzo hadi mwisho, polepole, kama anayesoma orodha ya marehemu. Themanini na mbili. Nusu yake arobaini na moja. Kapima Forgiarini. Ya rangi hakuyataja, wala siku hiyo wala siku nyingine.

Mwenye baa alichukua penseli akagawanya themanini na mbili kwa mbili pembeni mwa gazeti, akalitazama jibu, akagawanya tena. Ndipo akauliza kwamba basi, kwa maana hiyo, kombo ni nani.

"Ukumbi tuliujenga sisi," Bi Onorina akasema. "Lakini babu zenu ndio waliotuita. Walisema wanataka mkubwa, na wenyewe walitupimia mpaka wapi. Mlango mmepita wote, wa ubatizo, wa harusi, wa jeneza. Mnataka jina? Ligawaneni. Litawatosha."

Akasukuma glasi mbele ya aliyekuwa karibu naye, akatoka.

Bi Sgubbi alirudi Alhamisi, akashuka shimoni na viatu vyake vya mjini, akapiga picha filamu mbili nzima. Alikuwa na furaha kuliko walivyowahi kumwona. Ermes alimuuliza kama sasa mlango utarudishwa chini ya dirisha, na ukumbi usogezwe. Bi Sgubbi alisema hapana, hapana. Kanuni ni kanuni: kanisa linarudishwa kama lilivyokuwa tarehe tano Mei 1976, jioni moja kabla ya tetemeko, pamoja na makosa yake yote. Lililobadilika ni nani tu aliyeyafanya, na hilo halihitaji zege.

Ermes akayasugua mawe arobaini na manne. Safari hii Bi Onorina aliketi kando yake na kiti chake saa ya chakula, akimtajia namba za zamani kutoka kichwani, na kumlaumu kwa kila saba isiyokuwa na kofia. Septemba waashi walifika mstari wa dirisha. Ermes alilipanga mwenyewe, jiwe kwa jiwe, pale pale alipoliweka Zuan, sentimita arobaini na moja kulia kwa mlango ambao ndio uliohama. Aliweka pimamaji. Akaangusha timazi. Kisha akavuka uwanja akalitazama kwa mbali, na shingo yake ikaanza kulala upande kama ya mtu mwingine yeyote.

Katika baa mambo yalikuwa magumu. Neno Kombo lilikuwa limeingia mashaka. Ukilisema, kila mtu alitazama chini kuona kama limemwangukia yeye. Kwa wiki kadhaa watu walimwita Ermes "wewe," au "bwana," au walikohoa.

Asubuhi moja, akiwa juu ya jukwaa la mbao akijaza chokaa kuzunguka dirisha, tarishi alisimama chini na baiskeli yake. "Ermes," akaita. Ermes akaendelea kujaza. Tarishi akaita tena, kwa sauti kubwa zaidi, mara mbili. Ermes alidhani katika vibarua wapya kuna mwenye jina kama lake. Ilibidi tarishi apande ngazi, kazi asiyolipwa kuifanya, akamgusa bega. Ermes aligeuka, akatazama nyuma yake kuona ni nani anayetafutwa.

"Wewe," tarishi akasema. "Barua yako, kutoka kwa Dorina." Akasita, kofia mkononi. "Yule mjukuu wako, hivi anaitwa nani? Pale baa jana tuliulizana, hakuna anayejua."

"Ilaria," Ermes akasema.

Tarishi alilirudia polepole kama anayelipima, akasema ni jina zuri, akashuka ngazi kwenda kuwaambia.